Mwanangu, kiwanja kinanunuliwa masika

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku Kigogo tu wazima. Mdogo wako homa imemtoka na ameanza kwenda kazini, kaka yako bado anangoja majibu ya ile leseni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Mkopo wa kazini umetoka, alhamdulillahi. Dalali amekuonyesha kiwanja Boko Basihaya, huku Dar, kwa bei nzuri, na mwenzako wa ofisini anakuuzia chake huko huko Dodoma, na unataka nikwambie uchukue kipi. Halafu mwishoni sauti ikashuka, ukasema umesoma kwamba bahari inapanda na Dar inakwenda kuzama, ukauliza kama ni akili mtu mwenye watoto wadogo kuja kuweka tofali lake kwenye mji wa namna hiyo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unanikatiza, na hili sitaki kukatizwa.

Marehemu baba yako angekujibu kwa maneno matatu: kiwanja kinanunuliwa masika. Umelisikia neno hilo tangu unanyonya. Ila sidhani kama nimewahi kukusimulia lilikotoka.

Yule mzee aliyetuuzia hapa tunapokaa alikuwa na viwanja viwili. Kimoja ndicho hiki. Cha pili kilikuwa kule chini, kando ya ule mnazi uliopinda, na alikuwa akikitoa kwa nusu ya bei. Tulikwenda kuviona mwezi wa kwanza, jua linachoma. Kule chini pamenyooka, udongo mkavu, laini, msingi unauchimba kabla ya adhuhuri. Shangazi yako akawa upande wa kile cha chini kwa nguvu zake zote. Alisema fedha itakayobaki inanunua mabati, na mtu mwenye akili hanunui mlima akiachiwa uwanja. Baba yako akamwambia mzee, "Tutarudi." Mzee akadhani tumeshindwa bei, akapunguza. Baba yako akasema tena, "Tutarudi mzee wangu, mwezi wa nne."

Mwezi wa nne ukaja na mvua yake. Ilinyesha usiku na mchana, na alfajiri moja akaniamsha tukashuka na mwavuli mmoja, suruali ameikunja mpaka magotini. Kule chini hapakuwa na kiwanja. Maji mekundu yalikuwa yakizunguka mnazi taratibu, yamebeba ndoo, kandambili na mbavu za kitanda cha mtu. Baba yako akachomoa ile penseli ya useremala iliyokuwa haitoki sikioni mwake, akaingia mpaka kiunoni, akachora mstari kwenye shina la mnazi pale maji yalipoishia. Maji yaliposhuka tukarudi, akanisimamisha kando ya ule mstari. Ulinifika kifuani. Hakusema kitu. Tukapanda moja kwa moja kwa mzee, tukatoa fedha yote ya kiwanja cha juu mbele ya mjumbe, na mabati tukayangoja mwaka mzima tukiwa chini ya makuti. Shangazi yako alinuna mpaka masika yaliyofuata.

Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa nimeolewa na mtu anayejua kungoja.

Najua hukuniuliza habari za penseli. Umeniuliza kama Dar ina kesho. Lakini mimi siwezi kuuzungumzia mji huu bila kuyazungumzia maji yake, kwa sababu kila jema nililolipata hapa lilitoka kwenye bonde lile la mto Msimbazi, na kila lililoniuma pia. Wewe mwenyewe ada yako ya sekondari ilitoka mle. Wenzako walikuwa wanalipiwa na mishahara, wewe ulilipiwa na matuta ya mchicha.

Huko Dodoma umezoea kusikia Msimbazi kwenye taarifa ya habari, barabara imefungwa Jangwani, mabasi hayapiti. Bibi yako alikuwa anautaja mto huu kama ndugu, maana unaanzia kwao, vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Kutoka kule mpaka unapoingia baharini pale Salender ni kilomita kama 35 tu. Mto mfupi. Alipokuwa binti, alisema, maji yake yalikuwa ya kunywa. Kisha misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ikaliwa na mkaa, na mkaa huo, tusidanganyane, ulikuja kupikia maharage ya hapa hapa mjini. Miteremko ikajaa nyumba. Mvua ikipiga ardhi iliyo wazi inashuka na mchanga, ikifika Jangwani kwenye tambarare inapunguza mbio na kuutua. Wanaleta mashine, wanachimba, msimu unaofuata mchanga umerudi pale pale. Na mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, bahari imejaa, mto haupati pa kutokea. Unajirudi nyuma na kuingia majumbani mwa watu. Hilo halihitaji profesa. Sisi tuliokuwa tunalima bondeni tulikuwa tunahesabu mwezi angani kabla ya kusia mbegu.

Sensa ya 1967, mimi mtoto, iliwakuta watu wasiofika laki tatu katika mji huu. Sensa ya 2022 imekuta zaidi ya milioni 5.3 mkoani. Mto ni ule ule mmoja.

Sasa nikuambie habari ya mchicha, kwa sababu nadhani swali lako liko mle hata kama hukujua.

Mchicha ulikuwa unataka wiki tatu tu, na hilo ndilo lililonifanya niupende. Kwa mwenye watoto, shamba linalolipa kila mwezi ni zaidi ya shamba kubwa. Nilikuwa na matuta yangu, mbolea ya kuku naibeba kutoka kwa yule mfugaji wa Mburahati, na maji nayateka kwenye kisima kifupi alichonichimbia baba yako, hatua chache kutoka mtoni. Keni mbili, moja kila mkono, asubuhi na jioni. Wachuuzi walikuwa wanashuka bondeni kabla ya jua wakinunua tuta zima, wanang'oa wenyewe, wanafunga, wanapanda nao mjini. Ikifika saa mbili mchicha wangu uko Ilala, uko Buguruni, uko kwenye sufuria za watu nisiowajua. Nilikuwa nikipanda daladala natazama magorofa na kujiambia hawa nao wanakula kwangu. Sijawahi kuona fahari kubwa kuliko ile, na ninaposema naipenda Dar, ndiyo ninayoisema.

Siku moja mchuuzi wangu aliugua, nikaenda sokoni mwenyewe, nikakuchukua na wewe. Ulikuwa na miaka minane, umeshika lile kopo la chenji. Akaja mama mmoja, amejitanda vizuri, anaongea kwa adabu. Akachukua fungu, akalinusa, akaniuliza, "Wa wapi huu dada?" Nikamwambia wa Kigogo, wa leo leo. Akalirudisha. Hakulitupa, ningemsamehe kama angelitupa. Alilirudisha taratibu, akajifuta vidole kwenye khanga yake, akasema, "Wa Msimbazi mimi siwapi wanangu." Nikamjibu, "Mimi nawapa wangu, huyu hapa." Watu wakakutazama. Wewe ukainamisha kichwa ukaanza kuhesabu chenji ambayo haikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Usiku ule ulipika mboga pamoja nami, ukaniuliza, tukiwa peke yetu, "Mama, sisi tutakufa?"

Nadhani umesahau. Mimi sijasahau. Baba yako alikuwa amesikia kupitia dirishani. Alikuja akakaa mkekani, akavuta sahani ya mchicha wa nazi, akala wa kwanza mbele yenu, tonge baada ya tonge, mpaka na nyinyi mkaanza kula. Sikuweza kumeza chochote.

Yule mama alikuwa na haki? Nimebishana na nafsi yangu miaka yote hii. Mwaka 1999 wataalamu wa kemia walichapisha walichokipima kwenye mboga za kandokando ya Msimbazi na Sinza, wakakuta madini mazito yenye sumu, madini ya risasi yakiwemo. Sikuwa na ubishi na vipimo vyao. Kisima changu kilikuwa pembeni ya mto, na maji ya ardhini hayajui mpaka. Basi alikuwa na haki ya kulinda watoto wake. Naam, alikuwa nayo.

Lakini nikifika hapo moyo unakataa kunyamaza. Rangi zilizokuwa zinashuka mtoni usiku, bluu leo, nyeusi kesho, sikuzimwaga mimi. Damu na samadi kutoka machinjioni sikumwaga mimi. Waliokuwa wanasubiri mvua ndipo watapishe vyoo walikuwa majirani zangu, ndiyo, na nilikuwa nagombana nao mlango kwa mlango, lakini gari la kunyonya choo lilikuwa halipiti kwenye vichochoro vyao, na hata lingepita, bei yake ilikuwa kodi ya chumba. Wenye mabomba hawakuwahi kusimama sokoni wakaulizwa "wa wapi huu?" Niliulizwa mimi. Anayeishi karibu na uchafu ndiye anayeonekana mchafu, na hilo ndilo linaloniuma katika mji huu kuliko hata mafuriko yenyewe, kwa sababu mafuriko hayana dharau.

Haya, nimekwenda mbali. Nirudi.

Unaposema Dar inazama, unasema kama jambo la kesho. Unaikumbuka Desemba 2011 lakini? Taifa ndiyo kwanza limemaliza kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, bendera bado ziko kwenye nguzo. Ilinyesha mvua ambayo walisema haijawahi kuonekana tangu mwaka 1954. Ulikuwa likizo, ulikuwa nami mlangoni tukiwapokea watu waliokuwa wanapanda kutoka chini, wengine wamebeba watoto, wengine wamebeba televisheni. Watu wapatao 40 walikufa mjini. Kwenye nyumba yetu walilala mpaka kwenye korido. Shangazi yako alikuwa ndiye anayechemsha uji. Baba yako alikuwa anapita kati ya waliolala akitazama ukuta wake ulio mkavu, na hata mara moja hakusema "niliwaambia". Ungekuwa wakati wake wa kusema, na alimeza.

Matuta yangu yalifunikwa mchanga na chupa, kisima kikapotea kabisa, sikuweza hata kuonyesha kilipokuwa.

Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, kule kupita Bunju. Yule mzee fundi redio wa chini yetu alikwenda. Akarudi. Nilimlaumu usoni, nikamwambia umepewa ardhi kavu unarudia maji. Akaniambia, "Mama, redio zinaharibika Kariakoo." Sikuwa na jibu. Kila masika wanatangaza wanaoishi mabondeni wahame, na wanatangaza kweli, lakini mtu haishi mahali kwa sababu ya ardhi peke yake, anaishi kwa nauli. Mwishoni mwa 2015 wakaja na zile alama za X nyekundu, na matingatinga nyuma yake. Nilisimama juu huku nikitazama. Nusu yangu ilisema maji yaachiwe nafasi yake, ndivyo baba yako alivyoamini maisha yake yote. Nusu nyingine ilikuwa inawatazama wanawake wakivua mabati kwa mikono ili yasipondwe. Nusu hizo mbili hazijapatana mpaka leo, na sitaki kukudanganya kwamba zimepatana.

Sasa hivi kuna mradi mwingine, huu wenye fedha. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na nchi nyingine zikaongeza. Safari hii wenye nyumba walilipwa fidia kabla ya kubomolewa, hata kama wengi walisema haitoshi kununua popote pa maana. Mto unatakiwa kupanuliwa na kuchimbwa, Jangwani litajengwa daraja la mita 390, na bonde liwe bustani ya jiji. Mdogo wako alinionyesha mchoro kwenye simu yake. Mzuri. Miti, njia za kutembea, watu wamevaa viatu safi. Nikaukuza kwa vidole nikitafuta matuta. Akaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta mtu anayemwagilia.

Lakini ni jambo jema. Narudia ili usije ukadhani nalipinga: kuuachia mto mahali pake ni jambo jema, na limechelewa.

La bahari nalo umeliuliza. Wewe hukuiwahi hoteli ya Africana pale Kunduchi. Mimi niliiona na kuta zake zimeshaanza kuangukia majini. Watu wa siku hizi wanalijua jina kwa sababu ya kituo cha daladala, hawajui kwamba palikuwa na hoteli iliyoliwa na mawimbi. Na kule si kupanda kwa bahari peke yake. Ufukwe wa Kunduchi unalishwa na mchanga unaoletwa na mito midogo, Tegeta na Mbezi, na mchanga huo ulichimbwa mitoni, ukapakiwa kwenye malori, ukaja kuwa matofali ya nyumba zetu. Bahari ikanyimwa chakula chake ikala ufukwe. Huku mjini wamejenga ukuta pale barabara ya Ocean Road, na unasaidia, nimeuona mawimbi yakiugonga na kurudi. Ila ukuta unalinda kile kilicho nyuma yake tu. Wa kando yake wanapokea.

Na mji huu huu unaofurika ndio unaokauka. Oktoba 2022 mto Ruvu, unaotuletea maji ya bomba, ulipungua mpaka tukawekwa kwenye mgao, nikawa nanunua ndoo kwa bei ya soda, na miezi michache kabla maji yalikuwa yanaingia kwa majirani bila malipo. Mvua inashuka tani kwa tani, tunaikimbiza baharini, kisha tunaililia. Tenki lile la baba yako la kukinga maji ya bati, ulilotaka tuliondoe kwa sababu linaharibu sura ya nyumba, ndilo lililotuvusha. Liko pale pale na litabaki.

Unaona? Nimekuorodheshea mabaya yote, na bado nikimaliza barua hii nitatoka kibarazani, nitamsikia muuza kahawa akigonga vikombe, na upepo wa matlai utapanda kutoka bondeni, na hutanihamisha hapa hata kwa nyumba ya vyumba sita. Hiyo si hoja. Najua si hoja. Mtu anaweza kupenda mahali ambapo si salama, na kupenda kwake hakukausha sakafu ya mtu.

Lakini usiniambie hakuna kinachobadilika. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulizuia jalala lililokuwa linawafukizia watoto wao moshi. Watu wa kawaida, si mawaziri. Wakashinda, ingawa taka ziliendelea kumwagwa mpaka 1991. Ushindi wa kuchelewa, na taka zikahamishiwa kwa wengine Vingunguti, hilo nalo nalijua. Lakini tangu siku ile hakuna wa kusema watu wa uswahilini hawajui haki yao ya kuvuta hewa. Na Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, watu walisema haitawezekana, sokoni tutabebea nini. Mtaro wetu ule wa nyuma, uliokuwa ukiziba kila mvua ya kwanza, sasa unaziba kwa chupa tu. Chupa naokota mwenyewe. Vijana wa mtaa wananicheka, kisha wanakuja kuniomba za kuuza kwa kilo.

Basi, Boko Basihaya. Mwanangu, neno liko kwenye ncha ya ulimi na ninalimeza, kwa sababu fedha ni yako na mkopo utaulipa wewe. Nitakuambia kile tu ambacho kila mtu wa njia ya Bagamoyo anakijua: kuna sehemu za Boko maji yakiingia hayana pa kutokea. Hayaji na kupita kama huku kwetu. Yanatuama, miezi inapita, watu wanahama wakiacha nyumba nzuri zenye vioo na geti. Si Boko yote. Kuna sehemu za juu ambazo ningelala usingizi mzuri. Kiwanja chako kiko wapi kati ya hizo, dalali hajakwambia, na wewe umeonyeshwa mwezi wa tisa, vumbi tupu. Bei nzuri mwezi wa tisa. Kiwanja kinanunuliwa masika.

Na Dodoma usiichukue kama kimbilio kwa sababu tu haina bahari. Huko mvua inakuja mara moja kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo cha huko kakitazame Januari. Waulize wenyeji korongo lililo karibu linapita wapi likijaa. Uliza na maji ya bombani, kwa sababu mji ule umekunywa visima vya Mzakwe tangu ukiwa mdogo, na tangu serikali ihamie watu wameongezeka kila siku. Sikukatazi. Watoto wako wanasoma huko, wamezoea, yule mkubwa ameanza hata kusalimia Kigogo kwa Kigogo cha Wagogo, nimecheka sana. Sitaki warudi hapa kwa ajili ya bibi yao mmoja na kibaraza chake.

Nataka warudi. Haya, nimesema. Lakini kutaka kwangu usikuhesabu kwenye mahesabu yako. Hesabu nauli, shule, hospitali, na maji.

Kama unataka nikuambie la kufanya, fanya hivi: usimlipe dalali hata shilingi mpaka mwezi wa nne. Atakuambia kuna mteja mwingine anatoka Mwanza na fedha taslimu. Huyo mteja yupo kila mahali, mwache anunue. Omba likizo ya siku chache mvua ikishika, shuka kwa treni ya SGR, nami nitakuwa nimeshaongea na kaka yako atupeleke. Tutaanza na majirani kabla ya kuiona ardhi yenyewe. Tutatazama kuta za nyumba za jirani kama zina mstari wa tope, na kama milango imeinuliwa kwa tofali, na kama choo kimejengwa juu kuliko nyumba. Tutamuuliza mwanamke anayeuza vitumbua, si mwenyekiti. Mwenyekiti naye ana asilimia yake.

Ile nauli uliyotuma imefika, nimemlipia mdogo wako bima. Wajukuu wabusu. Mumeo mwambie mafuta ya mgongo aliyoniletea yamekwisha, na yalinifaa. Buti za mvua za baba yako ziko nyuma ya mlango wa stoo, zitakutosha ukivaa na soksi mbili.

Mama yako,
Kigogo